Ndululu Amelala

Zulekha Hamisi aliweka kiraka asubuhi, akajimiminia chai kwa furaha, na jua halijafika utosini alikuwa anamwomba Mungu amrudishie asubuhi ile aianze upya.

Tuanze na kiraka chenyewe. Si kile cha suruali. Ni kipande cha programu kinachotumwa kuziba mahali ambapo programu ya zamani imechanika, na katika mradi wa maji ulio nje kidogo ya Kathonzweni, programu ilikuwa imechanika kweli kweli. Mradi una visima vinne. Kila kisima kina pampu, kila pampu ina kijisanduku chenye antena, na vijisanduku vyote huzungumza na kompyuta ya ofisini, kule kilimani kando ya tangi kubwa la chuma. Mashine hujuana kwa namba. Kila ikiamka, mashine huomba namba kwa kompyuta ya ofisi, nayo kompyuta huipa namba na kuandika jina lake kando, ili binadamu ataje jina na amri iende kwenye namba inayostahili.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Lakini stima ikipotea na kurudi, mashine ziliamka kwa pamoja zikanyang'anyana namba kama watoto wanaogombea viti. Pampu zenyewe zina majina ya watu: Zulekha akimwita Mutanu, anaitika Nthiwa. Akimwita Nthiwa, kimya. Maji yako kisimani, pampu ni nzima, na wanawake wanashinda na mitungi mitupu wakimtazama yeye, mtoto wa watu wa Kitui mjini, kana kwamba ndiye aliyekunywa maji yote. Kwa hiyo kampuni ya Nairobi iliyouza programu ilipotuma kiraka hatimaye, Zulekha alikipokea kwa mikono miwili. Alisoma maelezo yote, hakuruka. Paliandikwa kwamba kuanzia sasa, jina likidaiwa na mashine mbili, iliyoomba mwisho ndiyo itakayolipata. Akasema moyoni, sisi hatuna mashine mbili za jina moja. Akabonyeza.

Kompyuta ikazima, ikawaka. Majina yakajipanga. Akaita Mutanu, akaitika Mutanu. Akaita Nthiwa, akaitika Nthiwa. Zulekha alipiga kofi moja peke yake mle ofisini, akacheka.

Simu ikalia.

"Mwiitu wa Hamisi! Umeamkaje?"

Mwiitu ni binti kwa Kikamba, na sauti ilikuwa ya Musyimi. Musyimi ni fundi wa mradi tangu mradi ulipokuwa shimo na jembe, na ndiye aliyezipa pampu majina. Kuziita Pampu ya Kwanza na Pampu ya Pili alikataa katakata. Alisema hao si wafungwa. Akazipa majina ya wazee waliotoa ardhi yao ili visima vichimbwe. Na kwa kuwa zilikuwa na majina ya watu, watu wa mradi hawakusema pampu imezimwa au imewashwa. Walisema amelala, ameamka.

"Nimeamka salama, Mzee. Uko wapi?"

"Niko huku kwa mawe, juu ya mto. Nataka kushuka kwa kisima ya Ndululu. Ile waya yake imechubuka huko chini karibu na maji, ndiyo maana anakohoa. Nitaikata niiunge upya. Hebu mlaze."

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini fundi mzima asizime stima mwenyewe pale kisimani. Palikuwa na swichi kubwa, ndiyo. Wezi wa shaba waliing'oa pamoja na waya wake, na kamati ya mradi ilikuwa bado inajadili kununua nyingine. Kamati hiyo hujadili vizuri sana. Wakati ikijadili, Musyimi alijiwekea desturi yake: hagusi waya kabla hajapanda kwenye yale mawe yenye mtandao, akauliza, na akajibiwa. Ng'ambo ya hapo, chini kwenye mchanga wa mto, simu haishiki hata mtu afanyeje.

Zulekha alitafuta jina Ndululu kwenye kioo, akabonyeza. Taa ya kijani ikageuka kijivu.

"Amelala, Mzee."

"Amelala kabisa?"

"Kabisa. Shuka."

"Haya. Mbaluka anashika kamba. Hata pampu mwenyewe yuko kimya, sisikii kitu. Asante, ni mũvea, mwiitu."

Simu ikakatika. Zulekha akamimina chai, akachovya andazi, akarudi kukitazama kiraka chake jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyoipaka rangi kwa mkono wake. Kando ya kila jina palikuwa na kipimo cha maji kisimani. Mutanu, maji ya magotini. Nthiwa, ya kiunoni. Ndivyo visima vya mchanga vinavyokuwa wakati wa kiangazi. Ndululu, maji marefu kuliko nyumba ya ghorofa.

Andazi likabaki njiani.

Mtu hawezi kusimama katika maji kama hayo. Musyimi asingeshuka humo na waya mkononi, labda awe samaki. Kwanza Zulekha alidhani kipimo kimeharibika, na alitamani sana kiwe kimeharibika. Akafungua ndani ya jina aone namba iliyo nyuma yake. Akaisoma. Akaisoma tena, polepole, huku akiifuata kwa kidole kama mtoto wa nasari. Ilikuwa namba ya kisima kipya, kile kirefu kilichochimbwa mwaka uliopita ng'ambo ya barabara, mbali kabisa na mto.

Aliyelala alikuwa kisima kipya. Ndululu wa mtoni, yule mzee ambaye wakati ule Musyimi alikuwa ndani yake, hakuwa na jina wala namba. Hakuwa popote kwenye kioo.

Hapo ndipo Zulekha alipokumbuka. Siku ya kufungua kisima kipya, Musyimi mwenyewe ndiye aliyefunga kijisanduku chake, na jina alilokiandikia ni Ndululu. Zulekha alimwuliza, "Mzee, si Ndululu yuko?" Musyimi akamcheka. "Kwani kwenu mtoto hungoja babu afe ndiyo apewe jina? Kwetu babu anaitwa, mjukuu anaitwa, na wote wanaitika. Huyu mzee wa mtoni tunampumzisha baada ya mvua. Wacha mtoto ashike jina mapema." Zulekha naye alicheka, kwa sababu nyumbani kwao Kitui, nyuma ya msikiti, nyanya yake ni Zulekha pia, na mama akiita jina hilo huitikiwa kutoka jikoni na kutoka uani kwa wakati mmoja. Lilikuwa jambo zuri. Programu ya zamani ilimnyima mjukuu jina kwa kuwa babu alikuwa nalo tayari, kisima kipya kikabaki na namba tupu, watu wakakiita kile kipya, na mvua haikuja, na mzee wa mtoni hakupumzishwa. Zulekha hakurekebisha kitu. Aliona hakuna haja.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Asubuhi hiyo alikuja amebeba jina la babu yake. Mjukuu aliliomba jina mwisho, kiraka kikampa, na babu akafukuzwa mlangoni.

Zulekha alichukua simu. Alimpigia Musyimi. Mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Hapatikani. Mbaluka, yule mshika kamba, hana simu. Aliuza yake ili anunue mbuzi, na huwaambia watu mbuzi hamwulizi yuko wapi. Zulekha aliijaribu ile namba ambayo Ndululu alikuwa nayo jana. Hakuna aliyejibu. Akashika waya wa kompyuta ang'oe kila kitu, mtandao wote ufe, na pampu zote zife nao.

Akauachia waya.

Pampu zisingekufa. Pampu zinapata stima yao huko huko visimani. Pampu isiposikia sauti ya ofisi haifi. Hujiendesha yenyewe kwa kulisikiliza boya lililo ndani ya tangi, lenye antena yake. Tangi likijaa, boya liko juu, pampu inakaa kimya. Maji yakishuka chini ya nusu, boya linashuka nayo, swichi inalia ta, na pampu inaamka bila kumwuliza mtu. Ndiyo maana Musyimi aliikuta kimya. Haikuwa imelazwa. Tangi lilikuwa limejaa tu asubuhi ile.

Zulekha aligeuza shingo kuelekea dirishani, na hofu aliyokuwa nayo mpaka hapo ikawa ndogo mbele ya iliyofuata. Ilikuwa siku ya soko. Foleni ya mitungi ilizunguka kioski cha maji ikafika barabarani, punda wamefungwa kwenye ua, na boza, lori la maji la mtu wa ujenzi, lilikuwa limechomeka mpira wake upande wa pili. Ubavuni mwa tangi kuna kijiti cha chuma kinachoshuka kadiri maji yanavyoshuka. Kuna mstari mwekundu pale penye nusu. Kijiti kilikuwa kimeukaribia mstari, na hata angeziamsha pampu nyingine, maji yao yasingewahi kufika kilimani.

Alitoka mbio, viatu akaviacha mlangoni.

"Funga maji!" alipiga kelele. "Mwaitu, mama, funga maji yote!"

Aliyekuwa akishika bomba kioskini alikuwa Wavinya. Wavinya ni mke wa Musyimi. Zulekha alilijua hilo kila siku ya maisha yake pale, lakini ndipo alipolikumbuka.

"Nifunge nini na watu wamepanga laini tangu alfajiri?" Wavinya alisema, akaendelea kujaza. "Zulekha, una nini?"

"Ben!" Zulekha alimgeukia mwenye bodaboda aliyekuwa akifunga mitungi nyuma ya pikipiki yake. "Ben, shusha hizo mitungi. Kimbia mtoni. Mzee Musyimi yuko ndani ya kisima ya Ndululu, anashika waya. Mwambie atoke. Mwambie stima haijazimwa!"

Ben hakuuliza neno. Alikata kamba kwa kisu, mitungi ikaanguka ikapasuka, maji yakamwagika kwenye vumbi bila mtu kuyalilia, na nduthi ikanguruma ikateremka kilima.

Ua mzima ulikuwa umesikia. Wavinya alisimama na mpira mkononi, maji yakimwagikia miguuni. "Lakini wewe ndiye unalazaga," alisema kwa sauti ndogo. "Aliniambia atakupigia."

"Alinipigia, mwaitu. Nikamwambia amelala. Hajalala."

Wavinya alifunga bomba. Lakini bomba la kioski ni moja tu kati ya yanayotoa maji tangini, na gurudumu la kufunga tangi lote huzungushwa kwa spana kubwa ya Musyimi, na spana ya Musyimi ilikuwa na Musyimi. Dereva wa boza naye hakuonekana. Alikuwa amekwenda kula. Wanawake wawili waliuvuta mpira wa boza, ukakataa kutoka, maji yakazidi kuondoka. Zulekha alitazama kijiti. Akatazama ngazi.

Lazima isemwe wazi: Zulekha anaogopa urefu. Tangi hilo limekaa juu ya miguu minne ya chuma, na ngazi yake ni vyuma vyembamba vilivyochomelewa, vimekula kutu. Huko juu hupanda Musyimi, akiimba. Zulekha hakuwahi kuvuka chuma cha tatu. Sasa alifunga leso kiunoni, akakamata chuma kilichochomwa na jua, akapanda. Hakutazama chini. Alisema Ya Latifu, Ya Latifu kwa kila hatua, akasikia magoti yake yakigongana na chuma, akasikia upepo ukiingia ndani ya buibui na kumvuta nyuma kama mtu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Alipofika, alilala kwa tumbo juu ya tangi, akasukuma kifuniko. Ndani palikuwa giza na baridi. Aliliona boya, mpira wa plastiki mkubwa kama kichwa cha ndama, mwisho wa mkono mrefu wa chuma, na ule mkono ulikuwa umeinama mno. Alijinyoosha mpaka mabega yakaingia shimoni, akaushika, akauinua juu kabisa.

Akasikia ta.

Na hapo ndipo alipojua hofu ni nini. Swichi ile hulia ta ikienda chini, na hulia ta ikirudi juu. Ikiwa imelia sasa kwa sababu yeye ameuinua mkono, basi ilikuwa imekwisha kulia kabla yake. Alikuwa kwenye ngazi, upepo masikioni, asingeweza kuisikia. Au ulikuwa umeinama tu bila kufika, na huo ni mlio wa bawaba mbovu. Hakujua. Mdomo wa bomba la kushoto, linalotoka kwa Ndululu, ulikuwa mbele ya uso wake, mkavu. Lakini maji ya mtoni hayafiki kilimani papo hapo. Pampu ikiamka na kulala baada ya pumzi tatu, maji yasingefika kabisa. Pumzi tatu zinamtosha mtu aliyeshika waya mtupu, miguu ndani ya maji.

Akabaki pale, uso shimoni, mkono juu, akitazama mdomo wa bomba. Aliona jinsi Musyimi angevutwa juu na kamba, kichwa kimeanguka kifuani. Alijaribu kutoona, akaona tena. Mkono ulianza kuuma, kisha ukaungua, kisha ukawa si wake. Boya lilikuwa jepesi. Huo mkono wa chuma ndio uliokuwa mzito. Alijua kwamba akiuachia hata kidogo, Musyimi kama yu hai atakufa.

Chuma cha ngazi kilitetemeka. Mtu alikuwa anapanda.

Alikuwa Wavinya, mwanamke wa makamo, mnene, aliyevaa sketi ya kanisani na gambuti. Alipanda akihema na kuomba kwa Kikamba, "Ngai wakwa, Ngai wakwa," mpaka akafika na kulala ubavuni mwa Zulekha, tangi likalia chini ya uzito wao. Hakumtazama Zulekha. Aliingiza mkono wake shimoni, akashika chuma kando ya mkono wa Zulekha.

"Tukiachia ni nini?"

"Anaamka."

"Basi hatuachii," Wavinya alisema.

Wakashika. Zulekha alitaka kuomba msamaha, akaona msamaha hauna kazi hapo bado. Wavinya aliomba kwa Mungu kwa sauti, Zulekha kwa sauti ya ndani, na kati ya maombi yao palikuwa na tone moja lililoanguka tena na tena ndani ya tangi. Mara moja Wavinya aliuliza, "Ulimwambia ashuke?" Zulekha akasema, "Nilimwambia." Vidole vya Wavinya vikabana chuma.

Jua liliwapiga mgongoni. Watu wa chini hawakupanga foleni tena. Walikuwa wamesimama wakitazama barabara ya mtoni. Hatimaye pikipiki ikasikika. Zulekha alifumba macho. Alijaribu kuisikiliza kama imebeba watu wawili au mmoja, upesi au polepole, na akashindwa.

Kelele zikapanda kutoka chini. Zingeweza kuwa za furaha, zingeweza kuwa za kilio. Kwa mbali hufanana.

"Mwiitu wa Hamisi!" sauti iliita. "Mmenifanyia mkutano huko juu bila mwaliko?"

Wavinya alitoa sauti ambayo Zulekha hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Lakini hakuachia. "Nionyeshe mikono!" alipiga kelele. "Musyimi, simama mahali nikuone, unionyeshe mikono!"

Zulekha aligeuza kichwa, akachungulia ukingoni, urefu wote ukamzunguka machoni. Chini kabisa, kati ya punda na mitungi, Musyimi alisimama amelowa hadi kifuani, mchanga kichwani. Aliinua mikono yote miwili. Ilikuwa myeusi kwa gundi ya tepu.

"Nimemaliza kuunga," alipaza sauti. "Nilikuwa nafunga tepu ya mwisho, Ben akaja akinipigia nduru kama mwizi. Hata hakukuwa na stima. Nimeshika hizo waya mkono mtupu tangu asubuhi, sijasikia kitu. Mmeniogopesha bure!"

"Mbaluka yuko wapi? Nani amebaki kisimani?" Zulekha aliuliza. Sauti yake ilitoka imepasuka.

"Mbaluka yuko njiani na kamba yake. Hakuna mtu. Achia, mwanangu."

Vidole vyao vilikataa kwanza kufunguka. Wakaviachisha kimoja kimoja, mkono wa chuma ukashuka na boya, ukafika kwenye maji.

Ta.

Maji hayakuja. Chini, Musyimi alikuwa anawachekesha watu, akiigiza jinsi Ben alivyokuja mbio, na watu walikuwa wameanza kucheka kwa sababu walitaka sana kucheka. Zulekha na Wavinya hawakucheka. Walikuwa wanatazama mdomo wa bomba la kushoto. Ofisini, kwenye kioo, Ndululu alikuwa bado wa kijivu, amelala kabisa.

Bomba likakohoa. Likakohoa tena, likatema upepo, kisha likatema maji, mekundu kwa mchanga wa mto, kwa nguvu, yakawarukia usoni.

Chini, Musyimi aliacha kuigiza. Bomba hilo hushuka kando ya mguu wa tangi, pale pale alipokuwa amesimama. Aliweka kiganja chake juu yake, akalisikia likitetemeka, akakiondoa haraka. Halafu akakaa chini kwenye vumbi, na mikono yake meusi akaiweka juu ya magoti akaitazama.

"Kumbe alikuwa macho," alisema.